Masanduku ya Ndege ya Baba Antony

Jumatatu, Machi 10

Muuguzi Edinah wa hospitali ya Longisa ndiye aliyeniagiza niandike. Alisema, "Mama, kila siku andika maneno mzee amesema, hata kama ni moja. Na uandike kwa Kiswahili ndio nisome, hiyo Kikipsigis yenu imenishinda." Mimi ni mtu wa kuchuma majani chai na kukamua ng'ombe, mambo ya kuandika niliwaachia watoto wangu. Lakini nimeambiwa itasaidia, basi naandika.

Mume wangu Kipkoech, Baba Antony, alipigwa na kiharusi mwisho wa Januari akifungulia ng'ombe maji. Upande wa kulia ulilala, mkono na mguu, na maneno yakaisha kabisa. Mguu umeanza kurudi, anaenda na fimbo mpaka chooni. Mkono unashika kidogo. Maneno bado. Edinah anasema miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye maana, kwamba kisichorudi sasa kitakuwa kigumu kurudi baadaye. Aliniambia hivyo polepole akinishika bega, nikajua ananihurumia, na mimi huruma za watu zimenichosha.

Leo hakuna neno.

Machi 11

Hakuna neno. Jua kali hapa Kimulot, ncha za majani chai zimeanza kukauka.

Machi 12

Hakuna. Nimempa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akaimaliza. Nimemuuliza kama ilikuwa tamu. Akanitazama tu.

Alhamisi, Machi 13

Leo wamekuja akina mama wa kanisa. Wameimba, wameomba, wamekunywa chai. Jambo ambalo limenikera ni kwamba walizungumza juu ya Baba Antony kana kwamba hayupo. "Anakula vizuri?" "Analala?" "Huwa analia?" Na yeye amekaa palepale kwenye kiti chake cha barazani, amevaa shati nililompigia pasi. Mwishowe nikawaambia, "Muulizeni mwenyewe." Wakainamia vikombe vyao. Chepchumba, jirani yangu, akasema pole, Mama Antony, nikasema asante, lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Baba Antony hakuwa hata akiwaangalia. Alikuwa akiangalia ndege. Kabla ya Krismasi aliangusha ule mti mkavu wa mpakani ili tupate kuni. Kumbe ulikuwa na matundu, na matundu hayo yalikuwa ya wale ndege wadogo weusi wenye tumbo jeupe. Jina lao kwa Kiswahili silijui. Sasa mvua inakaribia na wamerudi kutafuta nyumba yao. Wanaruka pale mti uliposimama, wanazunguka hewani mahali pasipo na kitu, wanaenda kukaa juu ya majani chai, wanarudi tena. Yeye anawaangalia asubuhi mpaka jioni.

Jumamosi, Machi 15

Amesema neno.

Lazima nieleze. Obiero, Baba Gordon, amekuja kutoka Kericho. Huyu ni Mjaluo aliyefanya kazi na Baba Antony miaka mingi katika karakana ya mbao ya kiwanda cha chai, wakastaafu pamoja. Kusema kweli sijawahi kumpenda sana. Anacheka kwa sauti kubwa, anakula kama mtu ambaye nyumbani kwake hapikwi, na Jumamosi nyingi za ndoa yangu ziliishia kwenye mazungumzo yao wawili. Nilipomwona akiingia langoni na mfuko wa samaki wakavu, nilijisemea moyoni kwamba hapo nimepata mgonjwa wa pili.

Hakuja taratibu kama wengine wanavyokuja. Alisimama mbele ya kiti akapaza sauti: "Fundi!"

Na Baba Antony akajibu, "Fundi."

Sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza, lakini neno lilikuwa neno. Nilidondosha kikombe. Obiero akarudia, naye akamjibu tena, mara tatu nne, wote wawili wakilia na kucheka. Mimi nilienda nyuma ya zizi la ng'ombe nikamshukuru Mungu.

Halafu nikiwa kulekule nyuma ya zizi nikaona wivu. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemgeuza kitandani kama mtoto, nimemwita kila jina ninalolijua. Neno la kwanza amempa Obiero.

Jumatatu, Machi 17

Obiero amesema atakaa. Analala kwenye nyumba ya mwanangu Antony pale nje, kwa kuwa mwenyewe yuko Nakuru. Sikumkaribisha wala sikumkatalia.

Asubuhi aliniuliza, "Mama Antony, huyu fundi anaangalia nini kila saa?"

"Ndege. Aliangusha mti wao."

Naye akawatazama. Kisha akasema, "Si tuwatengenezee nyumba? Sanduku ndogo tu, na shimo moja. Ndege inaingia, inataga."

Nikacheka. "Nyumba ya ndege! Na banda la ndama lililoanguka litajengwa na nani, Baba Gordon?"

"Banda ni kazi ya mtu mzima, shemeji. Hii ni ya mkono mgonjwa. Ni kitu ndogo, inatoshea kwa magoti."

Maneno ya leo: fundi, ndiyo.

Machi 18

Wamechagua masalio ya mbao za saiprasi. Neno: hii.

Machi 19

Hii. Hapana. Shika.

Ijumaa, Machi 21

Nimerudi kutoka kituo cha majani chai nikawakuta barazani. Obiero anashika ubao, Baba Antony anakata kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameuweka juu ya ubao kama jiwe la kuuzuia. Msumeno unapinda. Mtu ambaye alikuwa anakata mbao bila kupiga mstari, leo msumeno unapinda mikononi mwake. Alipofika katikati ubao ukapasuka, akautupa uani, kuku wakatawanyika. Obiero hakusema pole. Alichukua ubao mwingine akamwambia, "Kona yako ni mbaya, fundi. Anza tena."

"Kona," akasema Baba Antony. "Kona." Akaanza tena.

Mimi ningemfuta jasho nikamwambia apumzike. Sijui ni nani kati yetu anayemsaidia zaidi, na swali hilo limenisumbua wakati wote nikipika.

Maneno yake yote yanatoka kwa Kiswahili cha karakana. Nikimsemesha kwa Kikipsigis, lugha aliyonichumbia nayo, ananitazama na midomo inatikisika, hakuna kitu. Edinah alinieleza kwamba ubongo una vyumba vyake na haujulikani utafungua kipi kwanza. Sawa. Lakini inauma.

Jumatatu, Machi 24

Masanduku yamekamilika, matatu. Shimo la kila moja limepimwa kwa kifuniko cha soda, ndege mkubwa asiingie. Kifuniko cha juu kimeshikwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili kifunguke watu waweze kuchungulia. Ubao wa mbele ameupiga randa mwenyewe, kwa kushoto, siku mbili nzima, mpaka ukawa laini kama kitanda cha mtoto. Kuta za pembeni hazikunyooka vizuri na anajua. Anapitisha kidole pale palipopinda, anarudia.

Moja limewekwa juu ya nguzo kando ya majani chai, karibu na pale mti ulipokuwa. La pili liko kwenye mparachichi, la tatu chini ya paa la zizi. Kiti chake kimegeuzwa kiangalie nguzo.

Maneno: juu, hapana juu, kushoto, sawa. Manne! Edinah atafurahi.

Alhamisi, Machi 27

Mawingu yamejaa upande wa msitu wa Mau. Wanaume wamekwenda kwa kinyozi, nami nimetumia nafasi hiyo kuyapaka masanduku oili chafu ya magari kabla mvua haijaanza, mchwa wa hapa hawabakishi kitu. Nimepaka nyuma, chini na ndani kote. Ubao wa mbele nimeuacha, ni mzuri mno kuuchafua.

Neno: nywele.

Jumamosi, Machi 29

Mvua. Ya kwanza ya maana. Ardhi imenukia vizuri hadi jikoni. Hakuna neno, lakini alinyoosha mkono mzima nje ya baraza akashika maji.

Machi 31

Mvua. Ndege wamekaa juu ya nguzo, hawaingii. Bado.

Aprili 1

Bado. Hilo ndilo neno na ndiyo hali.

Alhamisi, Aprili 3

Wameingia! Mmoja amebeba kuvumwani mdomoni, zile nyuzi laini za kwenye magome ya miti, akachungulia shimo, akatoka, akachungulia tena, kisha akaingia mwili mzima. Obiero alinong'ona barazani kana kwamba yuko kanisani. "Yawa, wamekubali. Fundi, wamekubali nyumba yako." Baba Antony alisema "wameingia," na hilo ni neno refu kuliko yote tangu augue. Nimeliandika nikalipigia mstari.

Aprili 5

Ndege jike amechukua nywele za mkia wa ng'ombe wetu kutoka kwenye waya wa ua. Baba Antony alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anapocheka mabega hupanda.

Jumamosi, Aprili 12

Mayai manne. Meupe, yana madoa mekundu, madogo hata naogopa kuyatazama. Obiero alifungua kifuniko mama ndege alipotoka, tukamshikilia Baba Antony aone. Aliyahesabu kwa kidole. Kisha akasema "mayai," na akaninyooshea mkono mgonjwa, akanishika kiwiko. Mimi, si Obiero.

Tangu ndege ameanza kulalia, mzee anaamka kabla sijamwamsha. Anataka kuvaa, anataka kiti. Mazoezi ya mkono aliyokuwa akiyakataa anayafanya akiangalia nguzo. Ninaona anavyoyapima maisha yake kwa lile sanduku, na ninaogopa kidogo, maana ndege ni kitu dhaifu.

Jumatano, Aprili 16

Longisa, kliniki. Edinah alisoma kurasa zote akatikisa kichwa kwa furaha. "Mama, hii ni nzuri sana. Mnafanya nini huko?" Nikamwambia tunafuga ndege. Akanionya nisiruhusu akate tamaa, kwamba wagonjwa wa namna hii wakikata tamaa hurudi nyuma haraka.

Tulipokuwa tukisubiri dawa, Obiero aliniambia jambo ambalo sikulijua. Mama Gordon, mke wake, alifariki kwa ugonjwa huuhuu. "Alikaa mwaka bila neno," akasema. "Mimi nilikuwa nampikia, nafua nguo, lakini sikuongea na yeye. Nilifikiri hasikii. Siku ya mwisho alinishika hapa kwa shati, akaniangalia, nikajua alikuwa anasikia kila kitu." Alikuwa akiangalia sakafu.

Miaka yote hiyo nimemchukulia mtu huyu kuwa mlafi na mpiga kelele. Nilimnunulia chai na mandazi mawili, na sikujali alivyotafuna.

Jumapili, Aprili 20. Pasaka

Antony amekuja. Aliyaona masanduku akauliza kama nyuki wameshaingia, alidhani ni mizinga. Tulipomweleza akaniita pembeni akasema, "Mama, Daadi anahitaji matibabu ya maana, si kuchezea mbao." Nikamwambia aketi karibu na baba yake, asikilize. Baba yake akamwambia, "Antony. Kula." Kijana akalia mbele ya sahani.

Jumanne, Aprili 22

Mvua ya mawe. Ilianza saa nane mchana, kwanza mbingu ikawa ya kijani kibichi, kisha mabati yakalia hata tukawa hatusikilizani. Mawe makubwa kama mahindi ya kuchemsha yaliyopukuchuliwa, mengine makubwa zaidi. Nilikuwa nikifikiria majani chai tu, nilijua kesho hakutakuwa na cha kuchuma, na kweli shamba limechanika lote.

Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Baba Antony alikuwa amesimama mlangoni bila fimbo, ameshika fremu kwa mkono wa kulia, ule mgonjwa. Anatazama nguzo. Sanduku lilikuwa linatikisika. Nikamwita arudi, hakugeuka. Obiero akataka kumshika, nikamzuia. Alisimama hivyo mpaka mawe yakaisha. Kisha yule mama ndege akatoa kichwa kwenye shimo, akatazama nje, akarudi ndani.

"Yuko," akasema Baba Antony. "Yuko ndani."

Majani chai yamekwisha kwa wiki tatu na mimi nimeimba nikiosha vyombo.

Jumamosi, Aprili 26

Obiero anasema vifaranga watatoka wakati wowote. Hakuna anayetaka kuondoka barazani.

Aprili 28

Bado.

Aprili 29

Bado. Mvua.

Jumatano, Aprili 30

Bado. Baba Antony hakumaliza chakula.

Mei 2

Mama ndege anatoka muda mrefu kuliko kawaida. Hapeleki wadudu. Hakuna sauti.

Jumamosi, Mei 3

Hajarudi tangu jana. Baba Antony ameketi tangu asubuhi akiangalia shimo. Jioni alitazama mkono wake wa kulia, akaupiga kwa wa kushoto, kwa nguvu, mara nyingi, mpaka nikaushika. Kisha akaonyesha sanduku na ile pembe iliyopinda. Nikaelewa. Anadhani ndege wameikataa kazi yake.

Hakuna neno.

Jumatatu, Mei 5

Leo mchana, alipolala, Obiero na mimi tumefungua kifuniko.

Mayai yote manne yalikuwamo. Kuvumwani ya chini imekuwa nyeusi na inanata. Mayai yamepata mabaka ya rangi ya chai kavu. Obiero alivunja moja, ndani kulikuwa na kifaranga aliyeanza na hakumaliza, macho makubwa yamefumba. Obiero akapitisha kidole ukutani, akanusa.

"Oili," akasema. Akaniangalia. "Nani alipaka?"

"Mimi."

Mimi sikuhitaji kuelezwa. Mama yangu alikuwa akiyapaka mafuta mayai aliyotaka yakae bila kuharibika, na alituonya tusiyaweke hayo chini ya kuku, kwa kuwa yai lililopakwa mafuta haliwezi kupumua wala kuanguliwa. Nimelijua hilo tangu nikiwa msichana mdogo. Mama ndege amelalia oili, imeshika tumbo lake, tumbo likayapaka mayai, kila siku, akiyageuza kwa uangalifu wake wote. Nguzo zote za ua huu zina oili chafu. Kila nguzo hapa Kimulot ina oili chafu. Niliona mbao, nikawaza mchwa. Sikuwaza kwamba ndani ataishi mtu.

Obiero alifunga kifuniko. "Sikia, shemeji. Tuseme ni nyoka. Nyoka ilikula. Hiyo si makosa ya mtu."

"Hakuna nyoka anayekula na kuacha mayai."

"Tutayatupa. Yeye hataona." Alikuwa amenishika mkono, sauti yake ya chini kabisa. "Ukimwambia italeta vita kwa moyo wake. Mimi nimeona mtu akienda hivyo. Akilala, hataamka tena kuongea."

Nikakubali. Tumeyazika mayai chini ya mparachichi.

Mei 6

Obiero amemwambia kuhusu nyoka. Baba Antony alimsikiliza, akatazama pembeni. Hakuna neno.

Mei 7

Hakuna. Amekataa kiti. Amelala akitazama ukuta.

Alhamisi, Mei 8

Hakuna. Randa iliyokuwa kwenye dirisha karibu na kitanda ameisukuma ikaanguka. Nilipomwekea kijiko mkononi, mkono wa kulia, aliufungua kikaanguka pia. Wiki mbili zilizopita mkono huo ulishika fremu ya mlango katika mvua ya mawe.

Hakuamini habari za nyoka. Fundi anajua kazi yake ina ila gani, na ameamua hiyo ila ndiyo iliyoua. Nyoka wetu hakumsaidia kwa lolote, amemwacha peke yake na mkono wake. Obiero ameketi barazani ameshika tama, hacheki. Ananihurumia, namhurumia, na kati yetu tunamzika mtu aliye hai.

Ninaogopa kumwambia. Naandika hapa wazi: ninaogopa atanichukia, na hana hata maneno ya kunichukia nayo, itabaki machoni tu na nitaiona kila nikimlisha.

Ijumaa, Mei 9

Asubuhi nimelishusha sanduku kutoka kwenye nguzo. Obiero alikuwa amekwenda dukani kutafuta mkate. Nimeingia nalo chumbani, nimemwinua Baba Antony nikampa mito mgongoni, nikaliweka magotini pake na kifuniko wazi.

Nikamwambia kwa lugha yetu, kwa sababu sikuweza kulisema kwa lugha nyingine. Nikasema, "Si mkono wako. Pembe yako haikuwa na kosa. Hapakuwa na nyoka pia, tulikudanganya. Ni mimi. Nililipaka oili chafu ndani, siku mliyokwenda kwa kinyozi. Mayai yamekufa kwa oili. Yote manne. Niliwaza mchwa."

Alitazama ndani. Akainamisha uso mpaka pua ikaingia kwenye sanduku, akavuta pumzi. Alipoinua kichwa shingo yake ilikuwa imevimba mishipa. Midomo ikaanza ile kutikisika ninayoijua, ya kutafuta na kukosa, na mimi nikajiandaa kwa kukosa.

"Amu ne?" akasema.

Kwa nini. Kwa Kikipsigis.

"Amu ne?" akarudia, kwa sauti ya juu. Halafu yakamtoka, yakikwama na kurukaruka, mengine yakiwa nusu, lakini yakifuatana. "Ndani! Kwa nini ndani? Oili ni ya... ya chini. Ya udongo. Chini ya nguzo! Nani anapaka ndani, mahali pa... pa kulala?"

Nilikuwa nimeshika mdomo kwa mikono miwili.

"Nakuuliza wewe!"

"Mchwa," nikasema.

"Mchwa! Mchwa hao juu ya nguzo wamefikaje, na... na nguzo ina oili?"

Hapo nami nikakasirika. Sijui hasira ilitoka wapi, nilikuwa nikilia wakati huohuo. Nikamwambia nguzo hiyo aliipaka mwenyewe miaka mitano iliyopita na tangu hapo hajairudia, nilimkumbusha kila mwaka na kila mwaka alisema kesho. Akasema uongo. Nikasema si uongo, banda la ndama lilianguka kwa nini? Akasema banda liliangushwa na ndama wangu, kwamba namlea vibaya. Akaniita kichwa ngumu. Akapiga sanduku kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa kulia. Wala yeye hakuona. Nikamwambia baba yake pia alikuwa kichwa ngumu. Akatafuta jibu la baba yangu, likakwama, akafumba macho akalivuta, akalipata, na lilikuwa tusi baya ambalo sijalisikia tangu tuoane. Sikumhurumia hata kidogo, na sikumbuki siku ambayo nimempenda zaidi.

Obiero alitusikia tangu langoni. Alikuja mbio, mkate kwapani, akasimama mlangoni akihema, macho yamemtoka. Akamtazama fundi wake aliyekuwa ameketi wima, amejaa hasira, anazungumza kwa lugha yetu ambayo yeye haijui. Akanitazama mimi na machozi yangu.

"Mama Antony, anasema nini? Nini imetokea? Anasema nini?"

"Ananitukana," nikamwambia. "Keti, Baba Gordon. Hatujamaliza."